Mwenyeheri Nicolas Steno na Meno ya Papa



Leo nawaletea mwenyeheri ambaye wengi wetu hatumjui. Sijawahi kusikia mtoto kwetu akibatizwa kwa jina lake. Lakini kila mwanafunzi wa jiografia aliyewahi kuchora matabaka ya miamba kwenye daftari amepita mikononi mwake bila kujua. Anaitwa Niels Stensen. Kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake, waliandika Nicolaus Steno, na ndivyo anavyojulikana zaidi hadi leo. Alikuwa mwanaanatomia, mmoja wa waasisi wa jiolojia, mwongofu, padre, na mwishowe askofu aliyekufa maskini. Kanisa linamkumbuka tarehe 5 Desemba.

Kabla hatujaenda mbali, tuweke jambo moja sawa. Katika makala hii neno papa litatokea mara nyingi. Papa hapa ni yule samaki wa baharini mwenye meno. Kiongozi wetu wa Roma nitamwita Baba Mtakatifu, ili asije mtu akanishtaki kwa gambera.

Sasa, kwa nini Steno? Kwa sababu lipo swali ambalo vijana wengi wanalibeba kimoyomoyo. Darasani unafundishwa kuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe: dinosaria, samaki wakubwa, wanyama ambao leo hawapo tena. Jumapili unasikia kitabu cha Mwanzo kikisomwa. Kisha anatokea mtu, huenda ni mwalimu, huenda ni mhubiri wa mtaani, anakwambia uchague: ama jiwe lile linasema kweli, ama Mungu. Wapo waliochagua jiwe wakaacha Misa. Wapo waliochagua Misa wakafumba macho wasilione jiwe. Steno alikataa kuchagua hivyo, na maisha yake yanaonyesha kwamba hakuwa akikwepa swali.

Mtoto wa sonara

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1638 mjini Copenhagen, Denmark, kwa kalenda iliyotumika kwao. Baba yake alikuwa sonara, na familia ilikuwa ya Kilutheri, kama karibu watu wote wa nchi ile. Utotoni aliugua kwa muda mrefu, akashinda ndani na watu wazima badala ya kucheza na wenzake. Baba akafariki Niels akiwa bado mdogo. Alipofikia ujana, tauni iliingia mjini ikafagia watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa shule yake. Mwaka 1656 akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari, na haukupita muda mrefu jeshi la Sweden likauzingira mji. Kwa hiyo kijana huyu alikijua kifo kwa jina kabla hajafikisha miaka 22.

Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi kuendelea na masomo. Akiwa Amsterdam alinunua kichwa cha kondoo, akakipasua peke yake kwa ajili ya mazoezi. Akiwa anapitisha kijiti chembamba ndani ya mishipa, akashangaa kijiti kinagonga meno. Kumbe amegundua njia inayotoa mate kwenye tezi iliyo mbele ya sikio na kuyapeleka mdomoni. Madaktari hadi leo wanaiita njia hiyo kwa jina lake. Kila unaponukia pilau na mate yakajaa mdomoni, ile ni njia ya Steno inafanya kazi.

Baada ya hapo akaugeukia moyo. Wakati ule wengi waliamini moyo ni kama jiko, yaani chemchemi ya joto la mwili. Steno aliupasua, akafuata nyuzi zake moja moja, akasema kwamba moyo ni msuli. Una nyuzi kama za msuli wa paja, nao hufanya kazi ya msuli.

Mwaka 1665 alikuwa Paris, akitoa mhadhara mbele ya wasomi kuhusu ubongo. Sisi tuliopita kwenye falsafa tunamjua René Descartes. Yeye aliandika kwamba roho inauongoza mwili kwa kukichezesha kitezi kidogo kilichopo katikati ya ubongo. Nadharia ilikuwa nzuri, tena imeandikwa kwa ustadi. Shida ni moja tu: Steno alikuwa ameupasua ubongo, na kitezi kile hakikai wala hakichezi namna ile. Alimheshimu Descartes kama mwanafalsafa, lakini hakukubali maandishi mazuri yachukue nafasi ya kitu chenyewe kilichopo mezani.

Shika hapo, kwa sababu ndiyo tabia yake yote: kwanza tazama kilichopo, kisha sema.

Bandari ya Livorno, mwaka 1666

Mwaka 1666 Steno alifika Toscana, Italia, akapokelewa na mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici, mtu aliyependa sayansi. Mwaka huohuo bandari ya Livorno ilimpa mambo mawili yaliyogeuza maisha yake. Moja lilitoka kanisani, jingine lilitoka baharini. La kanisani nitalirudia baadaye. Tuanze na la baharini.

Mwezi Oktoba wavuvi wa karibu na Livorno walivua papa mkubwa kupita kawaida. Habari zikamfikia Ferdinando, naye akaagiza kichwa kipelekwe Florence kwa Steno akipasue. Fikiria kichwa kile juu ya meza, harufu yake, na huyu Mdenmark wa miaka 28 amekunja mikono ya shati. Alichunguza ngozi, macho, ubongo, na taya. Alipofika kwenye meno, akasimama.

Meno yale alikwisha kuyaona, lakini yakiwa mawe. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliokota kwenye miamba, hasa kisiwani Malta, vijiwe vya pembetatu vyenye ncha kali, wakaviita ndimi za mawe. Mwandishi wa Kirumi Plinio aliandika kwamba vinaanguka kutoka angani. Wamalta walivihusisha na Mtume Paulo, aliyeumwa na nyoka kisiwani kwao baada ya meli kuvunjika, habari tunayoisoma katika Matendo ya Mitume sura ya 28. Ikasemwa kwamba Paulo alilaani nyoka, na ndimi zao zikawa mawe. Basi watu walivivaa shingoni, wakavitumbukiza kwenye vikombe vya divai, wakiamini vinazuia sumu. Wasomi wengine walisema miamba yenyewe ina nguvu ya kuotesha maumbo hayo, kama kiazi kinavyoota udongoni.

Tusimpe Steno sifa isiyo yake. Mtaliano Fabio Colonna alikwisha kuandika mwaka 1616 kwamba vijiwe vile ni meno ya papa. Alichofanya Steno ni kuonyesha hatua kwa hatua kwa nini lazima iwe hivyo. Aliichapisha hoja yake mwaka 1667.

Jino linavyohojiwa

Hebu tumfuate anavyofikiri, maana hapa ndipo penye utamu.

Kwanza alilinganisha. Akaweka jino la papa aliyekufa juzi kando ya ulimi wa jiwe. Umbo ni lilelile: pembetatu, ukingo wenye vimeno vidogo kama msumeno, na mzizi mpana chini. Kufanana namna hiyo katika kila sehemu ndogo hakuji kwa bahati.

Pili aliuliza: kama jiwe hili liliota ndani ya mwamba, limepataje nafasi? Mzizi wa mti ukiota ndani ya ukuta unaupasua ukuta, na wenyewe unapindana kufuata nyufa. Meno haya hayajapinda, na mwamba uliyozunguka haukupasuka. Maana yake, meno yalikuwa magumu tayari wakati mwamba ulipokuwa bado tope laini.

Tatu alijibu pingamizi. Watu waliuliza: mbona vijiwe ni vingi mno mahali pamoja? Akawaonyesha taya lile. Papa ana safu nyuma ya safu ya meno, na mapya huendelea kuota nyuma ya yale ya zamani. Samaki mmoja tu anaweza kuacha mzigo wa meno.

Nne lilibaki swali gumu: jino linawezaje kuwa jiwe bila kupoteza umbo lake? Akaeleza kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana, na chembe za asili zaweza kuondoka kidogo kidogo na nyingine zikachukua nafasi zake, umbo likabaki. Kemia yake ilikuwa changa, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi.

Nini kimetokea baada ya mlango huo kufunguka? Leo tunajua kwamba mengi ya meno makubwa kati ya zile ndimi za mawe ni ya papa ambaye hayupo tena duniani. Wataalamu wanamwita megalodoni. Jino lake kubwa kabisa lafikia sentimita 17 hivi, karibu urefu wa kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Papa mweupe wa leo, anayeogopwa na dunia nzima, jino lake halifiki nusu ya hapo.

Na karibu yote tunayoyajua juu ya mnyama huyo tumeyasoma kwenye meno. Papa hana mifupa migumu kama sato au changu. Kiunzi chake ni gegedu, kitu laini kama kile kinachosimamisha sikio lako, nacho huoza upesi. Kinachobaki ni meno, na mara chache pingili za uti wa mgongo. Ukingo wa msumeno unatuambia alikula nyama kwa kukata, hakumeza mzimamzima. Mifupa ya nyangumi wa kale yenye alama za meno hayo inatuambia alikula nini. Pingili zina duara za ukuaji, karibu kama za shina la mti, na kwa duara hizo wataalamu wanakadiria umri. Huko Panama yamepatikana mahali pamoja meno mengi madogo ya megalodoni, na watafiti wakafikiri kwamba palikuwa maji ya kina kifupi ambamo watoto wake walikulia salama. Kwa kulinganisha na papa walio hai, wengi wanakadiria kwamba mkubwa wao alizidi mita 15. Kisha, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, meno yanakoma. Katika matabaka ya juu zaidi hayaonekani tena.

Mnyama mzima, chakula chake, watoto wake na mwisho wake, vyote vimetokana na kitu watu walichokuwa wakitumbukiza kwenye kikombe cha divai kuzuia sumu. Kisukuku hakikuongezeka kitu. Kilichobadilika ni mtu aliyekubali kukitazama kwa subira.

Kipi kilitangulia?

Steno hakuishia kwenye meno. Alizunguka vilima na machimbo ya Toscana akikusanya makombe, fuwele na mifupa. Mwaka 1669 akatoa kitabu chembamba chenye swali linaloonekana la kitoto: ukikuta kitu kigumu ndani ya kitu kingine kigumu, utajuaje kipi kilitangulia kuwa kigumu? Jibu lake: kilichotangulia kimeacha chapa yake juu ya kilichofuata. Kombe limeacha chapa kwenye mwamba, kwa hiyo kombe lilitangulia.

Kutoka hapo akaijenga kanuni ambayo sote tumeifanyia mtihani. Matabaka ya mashapo hutuama kwenye maji, moja juu ya jingine, yakiwa yamelala. Basi lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu yake. Ukiona tabaka limesimama au limepinda, jua kwamba lilisukumwa baadaye. Inaonekana rahisi, si ndiyo? Lakini kabla yake mwamba ulikuwa mwamba tu. Baada yake, mwamba ukawa kitabu chenye kurasa, na ukurasa wa kwanza uko chini.

Nasi kwetu tunavuna matunda ya kanuni hiyo. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na kazi ngumu ya kuchimba na kubeba ilifanywa na mamia ya wenyeji. Kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa Berlin kutokana na mifupa ile kina kimo cha zaidi ya mita 13. Pale Tendaguru matabaka yenye mifupa ya dinosaria yanapishana na matabaka yenye makombe ya baharini. Msomaji wa Steno anaelewa mara moja: bahari ilikuja, ikaondoka, ikarudi tena. Mtu aliyesimama leo kwenye nyasi kavu za Lindi anasimama juu ya fukwe zilizozikwa.

Mahali alipokwama

Wasifu wa mtakatifu usiotaja mipaka yake ni sifa za msibani. Steno naye alikuwa na mipaka.

Katika bonde la mto Arno ilikuwa ikichimbuliwa mifupa mikubwa sana. Steno alijiuliza ni ya nani, akahitimisha kwamba ni ya wanyama wa jeshi la Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyepita Italia na tembo wake miaka mia mbili na zaidi kabla ya Kristo. Leo tunajua ni mifupa ya tembo wa kale waliotoweka, walioishi pale zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Vilevile alijaribu kuyapanga matabaka aliyoyaona ndani ya muda mfupi, na maji mengi aliyoyahitaji akayapata kwenye gharika ya Nuhu.

Hatuna haja ya kumcheka. Wazo kwamba jamii nzima ya wanyama inaweza kutoweka duniani lilikuwa bado halijathibitishwa. Lilithibitishwa zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1796, pale Georges Cuvier wa Paris alipolinganisha taya na meno ya tembo wa leo na yale ya mamothi, akaonyesha ni jamii tofauti. Tazama njia aliyopita: alilinganisha meno. Njia ya Steno ndiyo iliyosahihisha jibu la Steno. Mtu anayependa ukweli kuliko jina lake huwaachia wanaomfuata chombo cha kumsahihisha yeye mwenyewe.

Jambo la pili la Livorno

Turudi sasa nyuma kidogo, Juni 1666, miezi michache kabla ya yule papa kuvuliwa. Ilikuwa Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Steno, Mlutheri, alikuwa Livorno akaona maandamano ya Ekaristi yakipita mitaani, watu wamepiga magoti, maua yametandazwa njiani. Akili yake ikafanya kile ilichozoea kufanya. Akajiambia kwamba mambo hapa ni mawili tu. Ama kile ni kipande cha mkate, na watu hawa wote wamerukwa na akili. Ama ni kweli Mwili wa Kristo, na yeye hana sababu ya kubaki amesimama.

Hakupiga magoti siku ile. Alikwenda kuchunguza. Kwa mwaka mzima na zaidi alisoma Maandiko katika Kiebrania na Kigiriki, akatafuta maandishi ya kale ya Mababa wa Kanisa aone Wakristo wa mwanzo waliamini nini. Alitaka kulifikia tabaka la chini, lile la kwanza kabisa. Wakati huohuo wanawake wawili walimwombea na kuongea naye bila kuchoka: sista Maria Flavia del Nero, aliyesimamia dawa katika monasteri moja ya Florence ambako Steno alikwenda kununua, na mama Lavinia Arnolfini, mke wa balozi wa Lucca. Mwezi Novemba 1667, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, akakata shauri. Akaingia Kanisa Katoliki.

Ilimgharimu. Nchi yake ilikuwa ya Kilutheri kwa sheria. Mfalme alipomwita nyumbani, alirudi mwaka 1672 kama mwanaanatomia wa mfalme, lakini Mkatoliki hakuwa na nafasi kamili pale. Mwaka 1674 akarudi Florence. Mwaka 1675 akapewa upadre. Mwaka 1677 akawekwa wakfu kuwa askofu na kutumwa kaskazini mwa Ulaya, kuwachunga Wakatoliki wachache waliotawanyika kati ya Walutheri.

Askofu bila pete

Alianzia Hannover. Mwaka 1680 akahamia Münster kuwa askofu msaidizi. Huko alizunguka parokia kwa parokia, akahubiri, akafundisha, akawakagua waliotaka upadre kwa ukali ambao sisi waseminari tukiusoma tunameza mate, na hiyo nayo ni kazi ya njia yake. Mwaka 1683, uchaguzi wa askofu mpya ulipochafuliwa na fedha, Steno hakunyamaza. Alipinga, akaondoka.

Akaenda Hamburg, kisha Schwerin mwaka 1685. Huko alikuwa na waamini wachache, na kipato kidogo zaidi. Aliuza pete yake ya kiaskofu na msalaba wake ili awasaidie maskini. Alifunga mno, akavaa joho kuukuu, wengine wakamwona hafanani na askofu. Tarehe 5 Desemba 1686 alifariki Schwerin kwa maumivu makali ya tumbo, akiwa na miaka 48. Hakuacha mali isipokuwa nguo zilizochakaa. Mwili wake ukapelekwa Florence, ukazikwa katika basilika la San Lorenzo, ambako upo hadi leo. Tarehe 23 Oktoba 1988 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri. Huyo ndiye Baba Mtakatifu ambaye miaka kumi baadaye alituandikia waraka Fides et Ratio, juu ya imani na akili.

Je, imani iliua sayansi yake?

Wapo wanaosema hivyo: kijana mwenye kipaji kikubwa, dini ikammeza. Ni kweli kwamba kitabu cha 1669 kilikuwa utangulizi wa kitabu kikubwa ambacho hakikuandikwa kamwe. Hilo linauma, tusilifiche.

Lakini tutumie kanuni yake wenyewe, tuipange miaka kama matabaka. Uongofu uko mwaka 1667. Juu yake kuna kitabu cha matabaka, 1669. Juu yake tena kuna mihadhara ya anatomia Copenhagen. Kazi yake kubwa kabisa ya jiolojia aliiandika akiwa Mkatoliki tayari. Kilichomtoa maabara baadaye ulikuwa wito mwingine, watu walioachwa bila mchungaji, na akachagua. Mtu anaweza kuacha kitu chema kwa ajili ya kingine bila kukilaani cha kwanza. Kila mama aliyeacha kazi akamuuguze mzazi wake anaelewa.

Kwa hiyo, kaka yangu, dada yangu unayesoma sayansi, usiogope jino la papa. Aliyemuumba papa ndiye aliyekupa akili ya kumsoma, na Mungu hawezi kusema jambo moja kwenye mwamba na kinyume chake kwenye madhabahu. Tukiona yanagongana, huenda jiwe tumelisoma vibaya. Huenda Maandiko ndiyo tumeyasoma vibaya, tukiyadai kitabu cha Mwanzo majibu ya mtihani wa biolojia ambayo hakikuandikwa kuyatoa. Kazi ni kurudi mezani na kutazama tena. Na wewe uliye kanisani kila siku lakini unamkatisha mwenzako anapouliza habari za dinosaria, mpishe aulize. Steno alifika kwenye Ekaristi kwa kuuliza.

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Ni swali gani la darasani ninaloogopa kulileta mbele ya Mungu katika sala?
2. Je, huwa natazama kwanza kisha nasema, au nasema kwanza?
3. Nani yuko kwenye nafasi ya sista Maria Flavia katika maisha yangu, na mimi niko kwenye nafasi hiyo kwa nani?

Tusali. Ee Mungu, uliyeificha historia ya viumbe vyako ndani ya mawe, na Mwanao ndani ya umbo la mkate, utupe macho yenye subira. Utujalie kupenda ukweli kuliko kushinda mabishano, na tukishauona, tusibaki tumesimama. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Nicolas Steno, utuombee.